Barua ya Chuo Haikuchelewa Posta

Matogoro, Songea
Jumatano, alasiri

Kwako mwanangu Editruda,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaituma. Marahaba, mwanangu. Utakapoifungua barua hii utakuwa kwenye basi, umeshapita Njombe kama nitakavyokuomba kesho nikikukabidhi, na sisi tutakuwa tumebaki huku tunahesabu vituo kwa kukisia. Najua ni ajabu kumsalimia mtu ambaye sasa hivi yuko Bombambili anaaga rafiki zake na jioni atakuja kula hapa hapa. Lakini kwenye kisomo cha watu wazima tulifundishwa kwamba barua isiyo na salamu ni hati ya mahakama. Basi pokea salamu.

Baba yako anakusalimu. Tangu asubuhi amekaa na lile begi lako, anafunga zipu, anafungua zipu, anasema ataipaka nta ya mshumaa ili isikwame, na nta ameshaipaka mara tatu. Bibi yako, aliyekuja kutoka Lusewa Jumapili kukuaga, anakusalimu sana. Anasema ukimaliza kusomea hizo kompyuta uje umtengenezee redio yake, na nikimwambia si kazi hiyo ananijibu, "Mtu anayejua kubwa atashindwa na ndogo?" Mdogo wako Fridolin anakusalimu, amekwisha kuhamishia nguo zake upande wako wa kabati bila kungoja uondoke. Mdogo wako mwingine, Osmunda, hakusalimu, amenuna. Anasema watu wanaoondoka wanapendwa kuliko watu wanaobaki. Jirani yetu Mama Haule anakusalimu na amekuletea karanga, ziko chini ya begi kwenye mfuko wa nailoni. Na mimi mama yako sijambo, ila usiniangalie mwandiko.

Mambo ya nauli, shuka, na nani atakupokea stendi Dar es Salaam tumeshayasema mpaka ukaniambia, "Mama, nimesikia." Sitayarudia. Nina jingine, na naanza nalo kwa sababu najijua. Nikilichelewesha nitalimeza.

Barua ya chuo haikuchelewa posta.

Ilifika kwenye sanduku la parokia kama kawaida, na katekista aliniletea mkononi siku ile ile, mimi nikiwa kwenye cherehani. Niliona muhuri. Kiingereza sikijui lakini jina lako nalijua hata likiandikwa kwa makaa. Nikaiweka kwenye droo ya cherehani, chini ya vipande vya bitana, nikasema nitampa jioni. Jioni sikukupa. Ilikaa mle siku kumi na moja, Editruda. Siku ya kumi na mbili nikaitoa, nikakuambia nimeipokea muda si mrefu, na nikaongeza, "Posta hawa!" Ukaisoma umesimama. Ukasema mwisho wa kupokelewa ni Ijumaa hii saa sita mchana, na atakayechelewa nafasi yake atapewa mwingine. Zilikuwa zimebaki siku sita. Umehangaika na picha, na daktari, na muhuri wa serikali ya mtaa, umekonda mbele ya macho yangu, na sasa unafika Dar Alhamisi usiku na Ijumaa asubuhi ndiyo siku yako moja tu. Basi likiharibika njiani, imekwisha. Hayo yote ni mimi.

Na ulikwenda posta kumgombeza yule mzee wa dirishani. Ulinisimulia mwenyewe umewaka: ulimuuliza kama barua za watu huwa wanazitafuna, naye akakuambia, "Dada, barua ya muhuri huo ilitoka humu zamani. Kaulize nyumbani." Ukaja kuniambia mzee yule ni mwongo. Nilikuwa nachambua maharage. Niliinamia ungo, nikasema, "Ndivyo walivyo." Mwanangu, maharage yale niliyachambua mara ya pili na ya tatu, hayakuwa na jiwe hata moja.

Nilikuwa na sababu, na nitaziandika ingawa hazitoshi. Nilijiambia tuvune kwanza mahindi. Nilijiambia baba yako tangu kiwanda cha tumbaku kibinafsishwe na wao wakarudishwa nyumbani hajazoea bado kutengeneza baiskeli za watu pale Bombambili, asipate mzigo mwingine. Lakini ukweli ni kwamba droo ikiwa imefungwa, wewe ulikuwa bado uko hapa. Ni hivyo tu. Kila asubuhi nikikusikia unapiga mswaki uani nilikuwa nasema, basi na leo.

Baba yako alijua siku ya tisa. Alikuwa anatafuta sindano. Hakupiga kelele. Alisema, "Mama Editruda, mimi sitamwambia. Lakini akiondoka hajui, hili litabaki na wewe humu ndani, na mimi siwezi kuishi na watu wawili." Ndiyo maana naandika.

Sasa ngoja nikuambie jinsi ninavyojivuna, maana hilo nalo ni kweli na ni kubwa kuliko lile. Siku niliyokuletea ugali pale unapofanya kibarua, duka la kuchapa la Mzee Saidi, hukuniona. Nilisimama mlangoni na kikapu. Kompyuta ilikuwa imegoma, watu wamejaa na karatasi zao, mmoja amevaa tai anatazama saa. Wewe umekaa, umekunja uso kama bibi yako akitafuta uzi, unaandika kitu, unangoja, unaandika tena. Halafu mashine ya kuchapa ikaanza kuguna, karatasi zikatoka. Mzee Saidi akaniona. Akasema kwa sauti, "Mama, huyu binti mashallah! Kompyuta inamsikia yeye kuliko inavyonisikia mimi niliyeinunua." Yule mwenye tai akageuka, akaniuliza, "Wa kwako huyu?" Nikasema ndiyo. Nilisema "ndiyo" moja tu, lakini nilitembea nayo mpaka Matogoro.

Na lile daftari lako. Huna kompyuta, una nusu saa kwa Mzee Saidi baada ya kufunga duka, basi ukawa unaandika programu kwa penseli kutoka kwenye kitabu kile kinene kisicho na jalada, unazifuata kwa kidole mstari kwa mstari kuona zitafanya nini. Fridolin alikucheka: "Dada anacheza kompyuta ya karatasi." Ukamwambia, "Wewe ulijifunza kuendesha baiskeli isiyo na mnyororo, nani alikucheka?" Mimi nilikuwa nasikiliza. Mtu anayejifunza kazi bila chombo cha kazi, siku akipewa chombo itakuwaje?

Nilikuuliza unakwenda kusomea nini hasa, nipate la kuwajibu akina mama wa jumuiya ya kanisani. Ukaniambia ni kutunga programu kwa mtindo wa vitu. Nikasema, kwani zilikuwa zinatungwa kwa mtindo wa hewa? Ulicheka mpaka ukaweka penseli chini. Halafu ukachukua ile karatasi yangu ya kukatia gauni la kola, ile ya mfuko wa saruji.

"Mama, hii ni nini?"

"Karatasi ya kukatia."

"Unaweza kuivaa?"

"Nivae mfuko wa saruji, nimekuwa ghala?"

"Basi hii ndiyo inaitwa klasi. Haivaliwi. Ila magauni yote yanatoka humu, na kila gauni likishatoka lina mwenyewe, lina rangi yake, lina vifungo vyake. Gauni ndiyo kitu. Na akija mjamzito, unaanza upya?"

"Nianze upya kwa nini? Naweka ile ile, naongeza mbele."

"Hapo hilo la mjamzito limerithi."

"Limerithi? Kwani nani amekufa?"

Ukaniambia hakuna aliyekufa, ndiyo uzuri wake. Toka siku hiyo nimekuwa nawaeleza watu kama nimesoma mimi. Katekista ananiita mwalimu.

Lakini sikukuambia kwamba ile karatasi uliyoshika ina historia, na historia yenyewe ni ya aibu. Ulikuwa mdogo, darasa la pili hivi. Sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia ilikuwa inakaribia, na akina mama wa jumuiya yetu wakaniletea vitenge vya sare. Wakati huo mitumba ilikuwa imeshaanza kuingia mjini kwa marobota, na wateja wangu wananipita barabarani wameinamisha macho, wamebeba magauni ya wazungu kwenye mifuko. Kwa hiyo ile kazi ya sare ilikuwa kama mtu amenirudishia jina. Nikakata karatasi kwa haraka, kwa kipimo cha Mama Haule peke yake, nikakosea kwapa. Nililikata dogo.

Nikatoa magauni sita ya kwanza. Siku mbili hazikupita wakaanza kurudi. Mmoja alisema, "Nikiinua mkono kumwimbia Mungu, kwapa linalia paa!" Nikamjibu bila kupepesa, "Umefua? Kitenge hiki kimerudi. Ni vitenge vya siku hizi, vinaingizwa tu ovyo." Wa pili nikamwambia hivyo. Wa tatu naye. Nikachukua magauni yale nikafumua, nikaweka kipande chini ya kwapa, moja baada ya jingine, nikiwa peke yangu na mlango umefungwa. Na karatasi, unajua nilifanya nini? Niliiacha vile vile. Kuirekebisha karatasi kungekuwa ni kukubali kwamba kosa ni langu, na nilikuwa nimekwisha sema ni la kitenge. Kwa hiyo nikakata magauni kumi na mawili mengine kutoka kwenye karatasi ile ile, kwa mkono wangu, nikijua.

Siku ya sikukuu baada ya misa wakapiga ngoma. Sasa wewe umewaona akina mama wa hapa ngoma yetu ya lizombe ikianza, hawajui kusimama. Walicheza, Editruda, na mikono imebana mbavuni, kama kila mmoja amebeba yai kwapani. Watu wa jumuiya nyingine walidhani ni mtindo mpya. Mmoja alithubutu kuinua mkono, likapasuka mpaka kiunoni. Mimi nilijificha nyuma ya jiko la wapishi nikajifanya nachochea moto.

Mama Haule alikuja kesho yake. Nilijua anakuja kudai. Alikaa, akanywa chai, akasema, "Mama Editruda, sisi hatukuchukii kwa kukosea. Nani hakosei? Tunakuchukia kwa kutufanya wanene. Mwenzako mmoja ameacha kula ugali wiki nzima kwa ajili ya gauni lako." Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Wanawake wazima walikuwa wamejitazama kwenye kioo, wamejiona wao ndio wamezidi, kwa sababu mimi nilishindwa kusema maneno mawili: nimekosea karatasi.

Nilimwonyesha karatasi. Tukaikata upya pamoja, yeye ameshika futi kamba, mimi nimeshika mkasi. Wewe ulipoishika juzi ukaisifu, ulikuwa unashika hiyo ya pili.

Sikuambii haya ili nikupe somo. Masomo utayapata huko kwa watu wenye vyeti. Nakuambia kwa sababu nilidhani nilishajifunza. Miaka yote nimejisifu moyoni kwamba mimi ni mtu aliyepona uongo. Kumbe juzi nimekaa na ungo wa maharage nasema "ndivyo walivyo," sauti ile ile, uso ule ule. Wakati ule nilisingizia kitenge, sasa nimesingizia mzee wa posta. Usije ukafikiri mtu akishakosea mara moja na akaumia basi amemaliza. Mimi sikumaliza. Nina miaka hii na bado najikuta pale pale.

Kuna jambo jingine ulilonionyesha wewe mwenyewe. Unakumbuka Mzee Saidi aliponiruhusu niingie nione ile programu yako ya vipimo vya wateja? Uliniketisha, ukanipa niandike kwa kidole kimoja. Nikaandika jina la Mama Haule. Kifua nikaandika, kidole kikateleza, ikawa na sifuri moja zaidi. Kompyuta ikakubali! Ikatoa hesabu ya kitambaa cha kuvika kanisa. Nikakuuliza, "Haioni kwamba huyu si mtu?" Ukasema, "Mama, haina aibu. Lazima niifundishe." Kesho yake ukaniita tena, nikaandika makosa yale yale, ikakataa. Ukanieleza kwamba sasa kila mteja mle ndani analinda vipimo vyake mwenyewe, na mtu wa nje haruhusiwi kuingiza mkono na kubadili anavyotaka. Ni lazima aombe, na mwenyewe akubali.

Nilikusifia siku ile. Barua yako ilikuwa kwenye droo siku ya saba. Nilirudi nyumbani sikugusa cherehani, ukaniuliza kama naumwa kichwa, nikasema ndiyo. Sikuwa naumwa kichwa. Nilikuwa nimeona mkono wangu ulipo. Maisha yako ni ya kwako, mwanangu. Mimi nina haki ya kuomba. Nilipaswa kukaa na wewe nikuambie, "Editruda, naogopa. Usiende, au nenda taratibu." Ungekataa, najua ungekataa, na tungelia kidogo, halafu ungekuwa umeondoka na siku zako kumi na moja zote.

Naogopa nini hasa, sijui kukueleza vizuri. Mitumba ilikuja, nikasema itapita. Wenzangu wakajifunza kupunguza nguo za mitumba, kubana, kugeuza kola, wakapata kula. Mimi nilikaa na kiburi changu cha gauni jipya karibu miaka miwili, cherehani inaota vumbi. Nilipokubali, wateja walikuwa wameshazoea mafundi wengine. Toka hapo kila kitu kinachotoka mbali nakitazama kama robota: linafunguliwa, watu wanashangilia, na kuna mtu pembeni kazi yake imekufa. Hiyo kompyuta nayo niliitazama hivyo, mpaka nilipokuona wewe umeikalia. Ndipo nikaona kwamba safari hii robota likifunguliwa, mwanangu atakuwa kwenye mkasi. Hilo ndilo linalonifanya nitembee nimenyoosha shingo hata nikienda kuchota maji.

Sasa sikiliza. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine imekunjwa mara nne. Nimemwandikia mkuu wa chuo. Ni maneno machache, kwa Kiswahili changu cha darasa la nne: kwamba mimi mzazi nilipokea barua kwa wakati, nikakaa nayo kwa woga wangu, na mtoto hakujua. Nimeweka jina langu na kidole gumba juu yake, ingawa najua kusaini, ili waone nina uhakika. Ukifika Ijumaa asubuhi wakakupokea bila maneno, ichane. Lakini ukikuta foleni, ukachelewa, wakakuuliza kwa nini umekuja siku ya mwisho, usiwaambie posta. Wape hiyo. Usione haya kwa ajili yangu. Kama nafasi yako itapona kwa mimi kuonekana mjinga mbele ya watu wenye tai, huo ni ujinga uliofanya kazi.

Na yule mzee wa dirishani mwachie mimi. Kesho basi likishaondoka nitapitia pale. Sijui nitaanzaje. Nitaanza na shikamoo.

Editruda, najua utakaposoma hapa utakuwa na hasira, na utakuwa na saa nyingi za barabara mbele yako za kuwa nayo. Kuwa nayo. Ila usiibebe mpaka darasani, ile siku ya kwanza ni yako na ya daftari lako la penseli. Wako watakaokuja wamekulia na kompyuta sebuleni, watakuwa na vidole vyepesi. Usibabaike. Wewe uliiendesha kichwani kabla hujaigusa.

Nakuomba jambo moja tu. Ukitoka ofisini Ijumaa, kabla hujala, kabla hujaonyeshwa kitanda, andika. Mpe kondakta wa basi la Songea la Jumamosi, mwambie ni barua ya Mama Editruda wa Matogoro. Mimi nitakuwa stendi linapoingia, na kama hakuna kitu nitakuwa pale Jumapili baada ya misa, na Jumatatu. Neno moja linatosha: nimepokelewa, au sikupokelewa. Kama hukupokelewa usitafute namna ya kunipunguzia. Na kama hasira haijaisha, iandike hiyo kwanza, ndefu unavyotaka, halafu habari uiweke mwisho. Nitasoma yote, nitaanzia juu. Usinifiche kitu. Zamu ya kuficha katika nyumba hii nimeshaimaliza mimi.

Mimi mama yako,
Leokadia